Mama Mkwe Kitanda cha Chini

Jamani, nitawaambia, lakini mkicheka chekeni polepole, maana mke wangu yuko jikoni na hapendi jambo hili litajwe mbele ya wageni, ingawa akiwa na dada zake hulisimulia yeye mwenyewe, na hulisimulia vizuri kuliko mimi. Aibu ninayo, sikatai. Mtu mzima mwenye kazi ya serikali, mwenye viatu vya kufunga kamba, kuonwa na meli nzima katika hali ile niliyoonwa, hiyo si habari ya kujivunia. Lakini yamepita, na waliokuwepo walishasambaza yao, kwa hiyo heri mpate ya mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Nilikuwa karani wa simu kwenye stesheni ya Tororo, yule anayekaa katika chumba kidogo akigonga kidude cha kupeleka habari kutoka stesheni hadi stesheni, na tulikuwa tunakaa nyumba za reli, mahali ambapo upepo ukigeuka, vumbi la simenti linaingia mpaka kwenye sukari. Mimi ni Mjapadhola, kwetu ni Kiyeyi. Mke wangu Nabwire ni Msamia, kwao ni upande wa Kenya, ukishavuka Busia unashuka kuelekea ziwani. (Kuvuka Busia siku hizo ulikuwa unavuka tu, polisi anakuuliza habari za nyumbani na wewe unamuuliza za kwake, basi.)

Sasa kwa asiyejua mila zetu, ajue hili kwanza: kwetu na kwao pia, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mkono, hamtazamani usoni, ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mihogo ya watu unasimama humo mpaka apite, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme kabisa. Si chuki, ni heshima. Mama mkwe wangu nilikuwa nimemwona kwa mbali mara chache sana, na zote alikuwa amejifunika kitambaa kichwani na mimi nimeinamisha uso, kwa hiyo hata mngeniuliza ni mweusi au ni maji ya kunde, nisingejua.

Basi likizo ikafika. Sisi wa reli tulikuwa tunapewa pasi ya kusafiri, na pasi hiyo ilifika mpaka kwenye meli za ziwani. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja na kidogo, mtoto bado, na Nabwire alitaka tutoke, tuone visiwa. Hapo tulikuwa kitu kimoja. Tulipotofautiana ni hapa: yeye alitaka twende kwenye kisiwa kimoja kule Sese, kulikuwa na hoteli ndogo ambayo masista wa misheni walimsifia (alikuwa amewashonea mapazia kabla sijamwoa), tukae humo, tuamke, tutazame maji. Mimi nikataka meli. Tupande Kisumu, tuzunguke ziwa lote, Musoma, Mwanza, Bukoba, tushuke upande wa Kampala turudi Tororo kwa treni.

"Meli ni hoteli inayotembea," nilimwambia. "Wewe umekaa tu, visiwa vinakuja vyenyewe."

"Na nikichoka kuviona?"

"Unalala."

"Na nikichoka kukuona wewe?" akasema Nabwire. "Hotelini nitafungua mlango nitembee. Huko kwenye meli nitatembea nikaenda wapi?"

Nilicheka, lakini sikumwambia ukweli wa moyo wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa uma. Gadi mmoja wa treni, mzee Okello, alikuwa amenieleza kwamba katika hoteli za namna ile unawekewa uma tatu na visu viwili, na mhudumu anasimama nyuma yako anakutazama utaanza na upi. Nabwire alikuwa amekula kwa masista, anajua. Mimi nilikuwa nimekula kwa mama yangu Kiyeyi, na mama yangu hakuwahi kuniwekea hata uma mmoja. Nikaona, mwanamume kwenda kufundishwa kula na mke wake mbele ya watu, hapana. Nikachagua meli. Hicho ndicho chanzo cha yote, uma.

Tukavuka Busia asubuhi kwenda kupanda basi la Kisumu. Nabwire akaomba tupitie kwao mara moja amsalimie mama yake. Nikakataa. Nikasema mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na basi halingojei, tutapita tukirudi tukiwa na zawadi za maana. Akachukua begi lake akatangulia kituo cha basi. Kumbe tungepita tungeambiwa kwamba jioni ya jana yake ilikuja habari kutoka Musoma, dada yake mkubwa amejifungua mapacha, na mama yao amefunga kifurushi chake anakwenda kuwapokea wajukuu. Tena kwa meli. Meli ipi? Mnafikiri kulikuwa na meli ngapi?

Tulilala Kisumu, na kesho yake alfajiri sisi tukapanda daraja la pili, tukapewa chumba kidogo chenye vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, beseni ukutani na dirisha la duara kama sahani. Mama wa watu alipanda daraja la tatu, kule sitahani kwa wenye magunia na kuku, na kwa kuwa ngazi zilikuwa mbili, hatukuonana. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia. Tukapita Rusinga, tukapita Mfangano, mimi nikimwonyesha Nabwire kwa kidole kana kwamba visiwa nimeviumba mimi, naye akaanza kulainika, hata akasema, "Kweli ni pazuri." Nikajiona nimeshinda.

Baada ya chakula cha mchana (wali na samaki, kijiko tu, nikamshukuru Mungu) tukatoka kwenye ghuba tukaingia ziwa lenyewe, na upepo ukaanza. Meli ikawa inainuka mbele, inakaa kidogo kama inafikiri, halafu inashuka. Tumbo langu nalo likafuata. Nabwire hakusikia chochote, akaniambia anakwenda juu kutazama mawimbi. Mimi nikarudi chumbani, nikavua shati na suruali nikavitundika nyuma ya mlango, maana suruali ilikuwa mpya na sikutaka ikunjike, nikapanda kitanda cha juu nikiwa na fulana na kaptula ya ndani. Na kaptula hiyo, nisiwafiche, nyuma ilikuwa na tundu. Nabwire alikuwa ameniambia niiache Tororo.

Nimelala hivyo, nimefumba macho, mlango ukagongwa. Ni mhudumu wa meli.

"Bwana, samahani. Iko mama moja mgonjwa sana huku juu, natapika toka saa ile, jua namwunguza. Chumba zote zimejaa. Naomba alale hapa kidogo kwa kitanda ya chini mpaka upepo natulia."

Ningesema hapana, yangeishia hapo. Lakini nikajiona mtu mwema, nikasema, "Mleteni tu, mgonjwa ni mgonjwa." Nikajifunika shuka mpaka kifuani, nikageukia ukutani kwa adabu. Nikasikia wakimwingiza, anavuta miguu, anaguna, kitambaa kimemfunika kichwa chote. Wakamlaza chini yangu, wakamwekea ndoo sakafuni, wakaondoka.

Maskini, aliugua. Kila meli ikishuka anaita jina la Yesu. Nikamhurumia. Nilikuwa na limau nililonunua Kisumu, nikalikata kwa kisu changu, nikateremsha mkono.

"Mama, pole. Nyonya hii, ni mawimbi tu, yatapita."

Mkono ukaja ukalipokea, vidole vyake vikagusa vyangu. "Asante mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha. "Wewe nakwenda Musoma?"

"Ninazunguka tu, mama. Natembea na mke wangu."

"Mke yako iko na bahati. Mungu akupe mama mkwe mzuri."

Nikasema amina. Jamani, nilisema amina kwa sauti.

Tukakaa hivyo kitambo, yeye ananyonya limau, mimi namtuliza, mpaka mlango ukafunguliwa akaingia Nabwire, nywele zimevurugwa na upepo, anacheka, anataka kunieleza alichokiona. Akatazama kitanda cha chini. Kicheko kikakatika.

"Mama!"

Mwanzoni nilidhani anamwita mama kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote wa rika lile. Halafu nikasikia yule mgonjwa anajibu kwa Kisamia, "Nabwire? Mwanangu, umetokea wapi?" Nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Nikalala kama maiti, tena maiti ya juu ya kichwa cha mama mkwe, yenye kaptula ya tundu.

Kisamia ninakielewa (ukifanya ununuzi katika soko la Busia utakielewa upende usipende), kwa hiyo yaliyosemwa baadaye yote niliyasikia. Mama alieleza habari za mapacha. Nabwire akaitikia kwa sauti nyembamba isiyo yake. Kisha mama akasema, "Huyu kijana aliye juu, sijui ni mtoto wa nani, lakini amelelewa. Amenipa limau kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake," Nabwire akarudia.

"Na mumeo yuko wapi?"

Nabwire akasema, "Yuko... yuko huko, mama. Anatazama maji."

Mama akaruka kukaa. "Yuko ndani ya meli hii? Na chumba hiki ni chenu?"

"Ni chetu, mama."

"Ee Mungu wangu! Asije akaingia akanikuta nimelala kitandani kwake! Funga mlango! Funga na komeo!"

Nabwire akafunga. Nilisikia lile komeo likiingia, ka! Basi mlango ukawa umefungwa kwa nguvu ili mimi nisiingie, na mimi nimo ndani.

Nilijiambia, nikilala kimya upepo utatulia, mama atapata nafuu, atatoka, na hakuna atakayejua mpaka tunaingia kaburini. Mpango ulikuwa mzuri, tatizo ni tumbo. Chini ya shuka kulikuwa na joto, harufu ya limau na ya ndoo inapanda, meli inainuka, inafikiri, inashuka, na wali wangu wa mchana ukaanza safari ya kurudi. Nikameza mate. Nikang'ata shuka. Nikaomba kwa Kiswahili, kwa Kidhopadhola na kwa Kiingereza kidogo. Ndoo ilikuwa chini, pembeni ya uso wa mama mkwe. Beseni lilikuwa ukutani, juu ya miguu yake. Mbele yangu yakabaki mambo mawili tu: nishuke nionekane, au nikae nimtapikie mama wa mke wangu.

Nikashuka. Nilijizungushia shuka kichwani na mabegani ili asinitambue, nikarukia sakafu, mguu mmoja ukaingia kwenye ndoo. Mama akapiga ukelele. Mimi na ndoo yangu tukafika mlangoni, komeo likakataa, nikavuta, likakubali, nikatoka mbio ukumbini bila ndoo, na hapo ndipo Nabwire, ambaye nina hakika alitaka kunisaidia, akapaza sauti:

"Owori! Suruali!"

Jina langu. Alitaja jina langu. Nyuma yangu nikasikia mama akisema neno moja tu, "Owori?" halafu kilio kirefu kama cha msibani.

Mhudumu alikuwa anakuja na sinia ya chai. Aliona mtu amefunika kichwa anatoka mbio katika chumba cha mama mgonjwa, wanawake wawili wanalia ndani, akafikiri alivyofikiri, akatupa sinia akaita, "Mwizi! Mkamate mwizi!" Nikapanda ngazi ya kwanza niliyoiona. Ikanitoa kwenye sitaha ya daraja la tatu, katikati ya magunia, kuku, wauza samaki, askari waliokuwa likizoni, na kwaya moja ya kanisa iliyokuwa inaimba. Kwaya ikanyamaza. Shuka likanaswa na msumari wa sanduku la kuku likabaki huko, ila pembe moja niliyoishikilia usoni kwa mikono miwili, ndiyo ikachanika ikaja nami. Kwa hiyo watu waliona mtu amefunika uso vizuri kabisa, na kwingine kote upepo unampitia. Mkiniuliza kwa nini nilificha uso nikaacha mengine, sijui. Nafikiri niliona uso ndio wenye jina.

Nikafika kwenye ukingo nikatapika ziwani. Askari mmoja akanishika shingo.

"Wewe naiba nini?"

Mhudumu akafika, watu wakajaa, mmoja anasema nitupwe majini, mwingine anasema niitiwe kapteni. Ndipo Nabwire akapenya katikati ya watu, suruali yangu mkononi, machozi yanamtiririka, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma kabisa waliisikia:

"Mwacheni! Si mwizi, ni mkwe! Mle ndani ni mama yangu!"

Mngekuwa watu wa mbali mngeuliza, basi kama ni mama yake kuna nini? Lakini sitaha ile ilijaa Wajaluo, Wasamia, Wakuria, watu wenye mama wakwe. Hakuna aliyeuliza. Askari akaniachia shingo kama nimemuunguza, na mwanamke mmoja mnene, muuza samaki kutoka Kisumu, akaweka mikono kichwani akasema, "Yawa! Mkwe! Na hii nguo yenye dirisha!" Ndipo wakacheka. Walicheka mpaka kuku wakaanza kupiga mabawa.

Yule muuza samaki ndiye aliyeniokoa, lazima niseme. Alinifungia khanga yake kiunoni kabla sijavaa suruali, akaenda chini kwa mama, akamtuliza, na baadaye akapanga safari: mama abaki chumbani na Nabwire, mimi nikae sitahani upande wa mbele, na mama akitaka kutoka kupunga hewa, mtu apige kelele "Mkwe!" nami niende nyuma ya magunia. Watu wote wakashika kazi hiyo kwa furaha kubwa. Hata waliokuwa hawajui Kiswahili walijua neno lile moja.

Musoma mama akashuka, amejifunika kitambaa mpaka kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia. Nabwire akarudi, akakaa mbali nami kidogo, akatazama maji.

"Mama amesema akirudi nyumbani atamwambia baba," akasema. "Hawezi kuficha jambo kama hili. Na baba anaweza kunirudisha nyumbani."

"Kukurudisha kwa sababu ya limau?"

"Usifanye mzaha, Owori. Mwaka mzima sijapata mimba. Watasema tayari kulikuwa na mkosi, na sasa huu."

Hapo kicheko cha meli nzima kikawa si kitu. Mwanza sikuiona, Bukoba sikuiona, visiwa vya Sese vilikuja vyenyewe kama nilivyoahidi vikapita, na hakuna kati yetu aliyenyanyua kichwa. Usiku nililala chini, kitanda cha juu sikukigusa tena. Nilipofika Tororo nikakuta meza yangu ya kazi imetandikwa shuka (watu wa reli wana waya, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wengine kuutumia), nikalikunja nikaketi, nikaanza kugonga habari za mabehewa.

Wito wa baba mkwe ulikuja baada ya mavuno. Nilikwenda na mjomba wangu kutoka Kiyeyi, tukivuta mbuzi, na blanketi jipya begani. Nikakalishwa uani, mgongo wangu ukiuelekea mlango wa nyumba ya mama, wazee wa kwao wamekaa mbele yangu kwenye viti. Nabwire, aliyetangulia siku moja, alikuwa ameketi chini kando ya shangazi yake, na sikuweza kumtazama. Baba mkwe, mtu mrefu asiyecheka ovyo, akasema:

"Mila inataka uovu utajwe ndipo uondolewe. Useme mbele ya wazee hawa, mama yako aliona nini."

Nikaona wazee wote wameinama mbele kidogo.

"Baba," nikasema, "sijui aliona nini. Mimi nilikuwa nimefunika uso."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akageuka kutazama mbuzi. Baba mkwe akabaki vilevile, akasema hilo si jibu, na akataka nijibu tena, na ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma yangu, nzima kabisa, ya mwanamke asiyeumwa na chochote:

"Mwambieni aache kujisumbua. Sikuona kitu. Nilikuwa natapika."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata yule mzee wa kikohozi, na baba mkwe akainuka haraka akaenda nyuma ya ghala, na alikaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa na maji. Akasema mbuzi achinjwe, blanketi lipelekwe ndani, na mke wangu aende kumsaidia mama yake kupika kisha arudi nami Tororo, kesi imekwisha. Mjomba wangu aliniminya bega.

Kama kweli hakuona, au aliamua hakuona, sijawahi kujua, na kwa mila zetu ndiye mtu mmoja duniani nisiyeweza kumuuliza. Ninachojua ni kwamba watoto walikuja baadaye, wanne, na kila mmoja yeye ndiye aliyempokea, akiingia kwa mlango wa nyuma nami nikitoka kwa wa mbele.

Nikaapa, na kiapo hicho nakishika mpaka leo: safari yoyote, ya meli, ya treni, hata ya kwenda sokoni, Nabwire ndiye achague, nami sitii mguu nje kabla sijamuuliza jambo moja tu, mama yuko wapi leo.